Kabla Mnada Haujafunguliwa: Mbinu za Kuhamisha Mfumo wa Kompyuta na Kuandaa Simu Mpya Uwanda wa Makonde

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao bado umekaa kwenye kompyuta nyingi za ofisi, shule na steshenari. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija kila mwezi kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatafuta usiku na mchana. Mkulima wa korosho analielewa jambo hili vizuri: salfa hupulizwa kabla ubwiriunga haujala maua, na anayesubiri mpaka aone unga mweupe amekwisha chelewa.

Kwa watu wa Newala, Masasi na Tandahimba tarehe hiyo iliangukia pabaya, kwa kuwa Oktoba ndio mwezi wa kufunguliwa minada ya korosho. Mwaka mmoja kabla, mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ulifanyika tarehe 11 Oktoba 2024 kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, anayepokea magunia, anayeandika uzito na kuandaa malipo ya wakulima hana nafasi ya kugusa mfumo wa mashine wakati huo. Kazi ya kuhamisha mfumo ikaahirishwa, na ofisi nyingine mpaka sasa hazijaigusa.

Makala haya ni ya karani huyo, awe Mkunya, Kitangari au Lulindi. Ni ya mwalimu mwenye kishikwambi, ya mwenye steshenari pale stendi, na ya kijana aliyetumiwa simu na kaka yake kutoka Dar es Salaam. Ninachokisisitiza tangu mwanzo ni mpangilio wa kazi: data kwanza, umeme pili, bando tatu, mfumo mwisho. Anayeufuata hutumia siku moja. Anayeuruka anaweza kupoteza daftari la wakulima lililojazwa kwa miaka.

Chagua wakati

Usihamishe mfumo kati ya Oktoba na malipo ya mwisho ya msimu. Machi na Aprili huwa na nafasi, lakini ndiyo miezi ya mvua na radi, na radi moja ikipita kwenye waya inaweza kuua mashine ikiwa katikati ya kazi. Mei na Juni vyama huwa na hekaheka za pembejeo. Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri zaidi: mvua imekata, salfa imeshagawiwa, na ghala bado halijafunguliwa. Kwa shule, tumia likizo ya Juni. Popote ulipo, anza asubuhi, katikati ya juma, siku ambayo fundi wa Masasi au Mtwara anapatikana kwa simu.

Nakala ya akiba kabla ya yote

Kaa chini uandike kwenye karatasi kila kitu ambacho kikipotea kitakuumiza: orodha ya wanachama, hati za uzito, taarifa za malipo, mihtasari ya mikutano, matokeo ya wanafunzi, picha za mazishi na harusi. Watu hunakili folda ya Documents wakasahau vilivyorundikana Desktop na Downloads. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari nazo husahaulika. Kama ofisi inatumia programu ya uhasibu, fahamu kwamba data yake mara nyingi hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe. Tumia kitufe chake cha kutunza nakala, au mpigie aliyewauzia awaelekeze.

Kanuni ya mafundi ni nakala tatu: moja kwenye mashine, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu mahali pengine kabisa, kwa mfano kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski inayolala kasiki la chama. Nakala mbili ndani ya droo moja ni sawa na moja siku mwizi au moto ukiingia.

Ipime flashi kabla ya kuiamini. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani zina GB 8. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha yanafunguka yakiwa yameharibika. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi yote na kuisoma upya ili kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Ukishanakili, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili machache, hasa ya Excel. Nakala isiyowahi kufunguliwa bado haijathibitishwa.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda mbele ni ufunguo wa BitLocker. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski zenyewe, na baada ya mabadiliko makubwa zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine. Utafute leo, uandike kwenye karatasi, uutunze kasikini. Bila huo diski haifunguki, hata kwa fundi hodari.

Kumbuka pia kwamba majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima si mali ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezitunza azilinde. Nakala ya chama isiachwe kwenye kompyuta ya steshenari wala kwenye simu ya mtu aliyesaidia siku moja.

Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Utaona una Windows gani na toleo lipi. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2; kama uko nyuma yake, sasisha kwanza ufike hapo.

Windows 11 inadai vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Inataka RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha 8 kwenda juu na kwa AMD ni Ryzen 2000 kwenda juu, isipokuwa chache. Kizazi cha Intel kinasomeka kwenye namba: i5-7200U ni cha 7, haikubaliki, i5-8250U ni cha 8, inakubalika. Kuangalia TPM, rudi kwenye Windows na R, andika tpm.msc. Ikisema haipo, usikate tamaa haraka: mara nyingine ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Programu ya Microsoft ya PC Health Check itakupa jibu la mwisho.

Ukishajua hayo, una njia tatu.

*Njia ya kwanza: Windows 11.* Kama mashine inakubalika na Windows 10 yako ni halali, kuhama ni bure. Nitaeleza hatua zake hapa chini.

*Njia ya pili: kununua muda.* Microsoft ilifungua huduma ya nyongeza ya viraka kwa Windows 10 inayofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mtu binafsi ni dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mahali pa kujiunga ni ukurasa wa Windows Update ndani ya Settings. Huduma hiyo imekusudiwa watu binafsi. Ofisi na taasisi zina mpango wao wenye bei ya juu zaidi. Ichukue kama daraja la kuvukia msimu mmoja, huku ukiandaa njia nyingine.

*Njia ya tatu: Linux.* Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 yenye RAM ya GB 4 bado ina kazi ndani yake. Linux Mint ni ya bure, mwonekano wake haumchanganyi aliyezoea Windows, na matoleo ya 22 yatapata viraka hadi mwaka 2029. LibreOffice iliyomo ndani hufungua mafaili ya Word na Excel. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Fanya hivyo kwanza, kisha jaribu vitu vinne: printa, mtandao, mafaili yako ya Excel, na mifumo unayoingia kila siku, kama MUVU kwa vyama vya ushirika au PReM ya Baraza la Mitihani kwa shule. Kimoja kikikataa, bado hujapoteza kitu.

Kuna mafundi wanaojua kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyokidhi vigezo. Inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuipa mashine hiyo viraka, na viraka ndivyo vilivyotufanya tuhame. Kwa kompyuta ya ofisi inayogusa fedha za wakulima, sishauri.

Na kabla ya kuamua kununua mashine mpya, muulize fundi kama ya zamani inaweza kubadilishiwa diski ya kuzunguka na kuwekewa SSD, na kuongezewa RAM. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huanza kuwaka kwa sekunde. Mara nyingi tatizo lilikuwa diski tu.

Umeme na bando

Kompyuta mpakato ijaze chaji kamili na iache kwenye umeme wakati wote. Ya mezani ni ngumu zaidi, kwa sababu UPS ndogo hubeba dakika chache wakati kuhamisha mfumo kunaweza kuchukua saa nzima au mbili. Kama ofisi ina sola yenye inveta au jenereta, itegemee hiyo tangu mwanzo. Usingoje umeme ukatike ndipo ukimbilie petroli. Umeme ukikatika katikati, Windows hujaribu kurudi ilikokuwa na mara nyingi hufanikiwa. Isipofanikiwa, zile nakala tatu ndizo zitakazokuokoa.

Kwa upande wa intaneti, usipakue siku ileile ya kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo mtandao ulizorota kwa siku kadhaa. Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5 na la Linux Mint karibu GB 3. Lipakue wiki moja kabla, kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya ofisi yenye kasi, kutoka kwenye tovuti ya Microsoft au ya Linux Mint yenyewe. Liweke kwenye flashi, na flashi hiyo moja itatosha kompyuta zote za chama, au za shule tatu za kata.

Kama unatumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa. Itaacha kupakua mambo makubwa bila ruhusa yako. Kompyuta kadhaa zikiwa kwenye mtandao mmoja, washa Delivery Optimization ili moja ipakue na nyingine zichukue kwake.

Epuka Windows ya kukrak inayouzwa kwenye flashi kwa bei ya soda. Aliyeivunja kufuli aliingia ndani, na huna njia ya kujua alichoacha humo.

Siku ya kazi yenyewe

1. Funga programu zote. Chomoa printa, eksitenali na kila kisichohitajika.
2. Hakikisha diski ina nafasi ya GB 30 hivi.
3. Chomeka flashi yenye Windows 11 ukiwa ndani ya Windows 10, ufungue faili la setup. Usiwashe mashine kutoka kwenye flashi, kwa sababu njia hiyo ndiyo inayofuta.
4. Ukifika kwenye swali la nini kibaki, chagua linalosema utabaki na mafaili yako na programu zako. Chaguo hilo likiwa limefifia halibonyezeki, simama. Huenda toleo au lugha ya faili hailingani na ya mashine.
5. Iache ifanye kazi. Itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na asilimia inaweza kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Usiizime kwa nguvu.
6. Ikiwaka, sasisha tena, jaribu printa, fungua mafaili ya kazi, ingia kwenye mifumo yote.

Una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, kisha Recovery. Baada ya hapo folda ya zamani hufutwa. Kwa hiyo katika siku hizo 10 fanya kila aina ya kazi unayoifanya kwa mwezi, hata kuchapa stakabadhi moja ya majaribio.

Simu na vishikwambi vipya

Anza dukani. Piga *#06# uone namba ya IMEI, ulinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ili upate jina na aina ya simu. Jibu lisipofanana na ulichoshika mkononi, rudisha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua bila kuangalia walibaki na kifaa kisichopiga.

Simu ya mtumba ina mtego mwingine. Ikifutwa bila akaunti ya Google ya mwenye nayo kuondolewa kwanza, itadai nywila yake milele. iPhone nayo hivyohivyo kwa akaunti ya Apple. Mwambie muuzaji aondoe akaunti, aifute mbele yako, na usilipe mpaka uione imefika kwenye ukurasa wa kukaribisha bila kuuliza akaunti ya zamani.

Ukifika nyumbani, huna haja ya kuichaji saa nane au kumi na mbili kabla ya kuwasha. Ushauri huo ulikuwa wa betri za aina ya zamani. Betri za leo za lithiamu hudumu zaidi zikikaa kati ya asilimia 20 na 80, mbali na jua na dashibodi ya gari.

Kisha fuata utaratibu huu. Chagua lugha ya Kiswahili kama simu ni ya mzazi, na ukuze maandishi. Fungua akaunti ya Google kwa jina la mwenye simu, yeye mwenyewe akiwepo, na nywila iandikwe kwenye daftari lake. Usikubali kijana wa dukani akufungulie kwa nywila anayoijua yeye. Siku simu ikipotea hutaweza kurudisha hata namba za ndugu. Sasisha mfumo kabla ya kujaza programu. Weka kufuli ya skrini.

Kuhamisha WhatsApp kutoka Android kwenda Android hakuhitaji bando kubwa. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kuhamisha mazungumzo: simu mbili zinawekwa jirani, moja inasoma msimbo wa nyingine, na picha zote zinapita moja kwa moja. Quick Share nayo huhamisha mafaili bila intaneti. Ukimaliza, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, maana wizi wa akaunti hizo umeingia mpaka kwenye magrupu ya ukoo.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua kaifute kwa mtoa huduma. Weka PIN ya laini, ili simu ikiibwa laini isihamishiwe kwenye simu nyingine na kufungua M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas. PIN ya pesa usimpe hata wakala. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na msimu wa malipo ya korosho unapokaribia, jihadhari na programu za mikopo ya haraka: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza 69 ambazo hazina leseni. Programu inayotaka kusoma namba zote za simu yako ili ikukopeshe elfu thelathini haikufai.

Walimu waliopokea vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 wakumbuke kwamba ni mali ya umma. Fungua akaunti ya kazi, usichanganye na picha za familia, na usikifute kabla ya kunakili kazi za shule. Ukihamishwa kituo, toa akaunti yako kwanza ndipo ukabidhi. Vumbi la kiangazi huziba tundu la chaji. Lisafishe kwa kijiti kikavu cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, kabla ya kusema chaja imekufa.

Kwenye pawabenki, usidanganywe na namba. Ya mAh 10,000 iliyo ya kweli humpa mtumiaji takriban 6,000 baada ya umeme kubadilishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5, yaani kujaza simu ya kawaida mara moja na kidogo. Iliyoandikwa mAh 50,000 huku ikiwa nyepesi kama kiberiti ni uongo; betri yenye uwezo ina uzito.

Mashine ya zamani na mtu wa pili

Kabla ya kuuza au kugawa kompyuta ya zamani, ifute diski yote, maana kufuta mafaili peke yake hakutoshi. Windows ina chaguo la kusafisha hifadhi ndani ya Reset this PC. Linachukua saa nyingi, liache limalize. Diski iliyobeba akaunti za wanachama mia kadhaa haiuzwi bila hilo.

Kisha mfundishe mtu wa pili. Ofisi ambamo karani mmoja tu anajua nywila, ilipo diski ya akiba na ulipo ufunguo wa BitLocker, husimama siku karani huyo akiugua. Andika ukurasa mmoja wenye mambo hayo, uufunge kwenye bahasha, mwenyekiti wa bodi atie sahihi juu yake, uingie kasikini. Na mkutano mkuu ujao, bajeti ya chama ikisomwa, simama uombe mstari wa diski mbili za akiba, inveta ndogo na siku mbili za fundi kila Julai. Wanachama wataelewa ukiwaambia kwamba kinacholindwa ni kumbukumbu ya kila kilo waliyopima.